Hisabati kwa Wasomaji: 2,147,483,647 na namba tasa nyingine kubwa

Barua nyingi za safari hii zinahusu namba moja, 2,147,483,647. Ukizidisha 2 kwa 2 hadi ziwe 2 thelathini na moja, kisha ukatoa 1, unaipata. Kwa ufupi tutaiandika 2^31 − 1. Ni namba tasa: haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Namba zote za umbo la 2^p − 1 huitwa namba za Mersenne, kwa jina la mtawa Mfaransa Marin Mersenne. Mwaka 1644 alichapisha orodha ya vipeo p alivyoamini vinatoa namba tasa. Orodha ilikuwa na makosa matano: aliingiza 67 na 257 ambavyo havitoi, akaacha 61, 89 na 107 ambavyo vinatoa.

Shikamoo mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Mwalimu alituambia Leonhard Euler alithibitisha mwaka 1772, bila kompyuta, kwamba 2,147,483,647 ni namba tasa. Nimegawanya kwa 3, 7, 11, 13 na 17 nikaona sitafika popote. Yeye alifanyaje? (Mwanafunzi, Iringa)

Marahaba. Njia uliyoanza nayo ni sahihi, tatizo lake ni urefu. Cha kwanza ni kujua pa kukomea. Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili, na kipeuo cha pili cha namba yetu ni 46,340 na kitu. Chini ya hapo zipo namba tasa 4,792. Ukitumia dakika tatu kwa kila mgawanyo, utahitaji karibu saa 240 za kugawanya tu, na ukikosea mara moja katikati hutajua umekosea wapi.

Euler alipunguza orodha kabla hajaanza kugawanya. Fuata hoja yake taratibu, maana ndiyo inayobeba kazi yote.

Tuseme q ni namba tasa inayoigawanya 2^31 − 1 bila baki. Maana yake 2^31 ukiigawanya kwa q inabaki 1. Sasa andika 2, 4, 8, 16 na kuendelea, lakini kila hatua andika kinachobaki tu baada ya kugawanya kwa q. Orodha hiyo hujirudia kwa mzunguko, na kila mzunguko unapokamilika unaangukia kwenye 1. Kwa kuwa hatua ya 31 inatoa 1, urefu wa mzunguko lazima uigawanye 31. Lakini 31 nayo ni tasa, kwa hiyo urefu ni 1 au 31. Hauwezi kuwa 1, kwa sababu hapo ingebidi 2 yenyewe ibakize 1 ikigawanywa kwa q, jambo lisilowezekana. Basi ni 31.

Kwa upande mwingine, Pierre de Fermat alikwisha onyesha kwamba q ikiwa tasa na witiri, 2^(q−1) daima inabakiza 1. Kwa hiyo mzunguko wetu wa hatua 31 unaingia mara kamili ndani ya q − 1. Tena q ni witiri, kwa hiyo q − 1 ni shufwa. Ukiunganisha hayo mawili, q − 1 inagawanyika kwa 62. Kila kigawo tasa cha namba yetu ni lazima kiwe na umbo la 62k + 1. Zile 3, 7, 11, 13 na 17 ulizojaribu hazikuwa na nafasi yoyote tangu mwanzo.

Kichujio cha pili kinatokana na 2^32. Kama 2^31 inabakiza 1, basi 2^32 inabakiza 2. Lakini 2^32 ni mraba wa 2^16. Kwa hiyo, kwa macho ya q, 2 ni mraba wa namba fulani. Namba tasa witiri zenye sifa hiyo ni zile tu ambazo zikigawanywa kwa 8 zinabakiza 1 au 7. Changanya na 62k + 1 na unabaki na maumbo mawili tu: 248k + 1 na 248k + 63.

Hadi 46,340, maumbo hayo yanatoa namba 373. Ya kwanza ni 63, nayo si tasa, kwa hiyo zinabaki 372. Kati ya hizo nyingi nazo zinaanguka zenyewe: 249 ni 3 × 83, 497 ni 7 × 71, 559 ni 13 × 43. Namba tasa ya kwanza kwenye orodha ni 311, ya pili 1,303, ya tatu 1,489. Ukimaliza kuchuja zinabaki chini ya mia moja za kugawanya kweli. Hiyo ni kazi ya siku chache kwa mtu makini.

Tufanye ya 311 pamoja. Usigawanye namba nzima ya tarakimu kumi. Panda kwa miraba:

2^8 ni 256, yaani pungufu ya 311 kwa 55. Andika −55.
2^16 ni mraba wa −55, yaani 3,025. Toa 311 × 10 = 3,110, inakuwa −85.
2^32 ni mraba wa −85, yaani 7,225. Toa 311 × 23 = 7,153, inabaki 72.
2^31 ni nusu yake, 36. Toa 1, inabaki 35.

Haikuwa sifuri, kwa hiyo 311 si kigawo. (Kwenye hatua ya kugawa nusu, ukikuta namba witiri, ongeza q kwanza ndipo ugawe.) Sasa hakikisha kwa njia nyingine, na hapa ndipo wanafunzi wengi wanaruka: 2^10 ni 1,024, inabaki 91. 2^20 ni 91 × 91 = 8,281, inabaki 195. 2^30 ni 195 × 91 = 17,745, inabaki 18. 2^31 ni 36. Njia mbili, jibu moja. Ukithibitisha kwa njia moja tu, kosa dogo la kutoa linaweza kukuficha kigawo halisi, na hitimisho lako lote likawa batili.

Mimi ni mwandishi wa programu. Kaunta kwenye mfumo wetu ilifika 2,147,483,647 kisha ikageuka kuwa namba hasi. Je, ni kwa sababu namba hiyo ni tasa? (Msomaji, Nairobi)

Hapana, hilo ni sadfa. Kompyuta ikihifadhi namba kwa biti 32 na moja ikatumika kwa alama ya chanya au hasi, zinabaki 31, na kubwa zaidi inayoingia ni 2^31 − 1. Ukubwa mwingine hauna bahati hiyo: 2^15 − 1 ni 32,767, yaani 7 × 31 × 151, na 2^63 − 1 inagawanyika hata kwa 7. Kaunta yako ingegeuka vilevile popote pale. Ihamishie kwenye biti 64, pamoja na safu yake ndani ya hifadhidata. Wengi hurekebisha programu wakaisahau hifadhidata, na tatizo linarudi kwa mlango wa nyuma.

Angalia pia saa za mifumo yako. Mifumo mingi ya zamani huhesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa biti 32 hizohizo. Sekunde ya 2,147,483,647 inaangukia Jumanne tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki itakuwa saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Sekunde inayofuata, mfumo ambao haujarekebishwa utasoma mwaka 1901. Mkataba au mkopo wenye tarehe ya mwisho baada ya hapo unaweza kuleta hitilafu leo, hauhitaji kusubiri siku hiyo.

Hata hivyo, ipo sehemu ya programu ambapo utasa wa namba hii ndio unaofanya kazi: kuzalisha namba za kubahatisha. Kanuni iliyopendekezwa na Park na Miller mwaka 1988 ni nyepesi. Chukua namba uliyonayo, zidisha kwa 16,807, gawanya kwa 2,147,483,647, chukua kinachobaki. Ukianza na 1 unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073. Kwa kuwa kigawanyo ni tasa, na kwa kuwa 16,807, yaani 7^5, imechaguliwa vizuri, mfuatano unapitia kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646 kabla ya kujirudia.

Mambo mawili huharibika hapa. La kwanza ni kuanza na 0: utapata 0 milele. La pili ni kuzidisha ndani ya biti 32, ambapo zao halitoshei na linakatwa kimyakimya. Namba zitaonekana za kubahatisha lakini si mfuatano uliokusudiwa. Kipimo ni hiki: anza na 1, rudia mara 10,000, lazima upate 1,043,618,065. Ukipata kingine, kanuni yako ina kosa. Na usiitumie kwa nywila wala siri yoyote. Anayeona namba moja tu anaweza kukokotoa zote zinazofuata.

Nafundisha hisabati sekondari. Kuna jaribio lolote la namba tasa kubwa ambalo naweza kulimaliza ubaoni ndani ya kipindi kimoja, na ambalo ni lilelile wanalotumia wataalamu? (Mwalimu, Morogoro)

Lipo, mwalimu, na ni zuri sana kwa darasa. Linaitwa jaribio la Lucas na Lehmer. Linafanya kazi kwa namba za Mersenne tu, na p lazima iwe namba tasa witiri. Anza na 4. Kila hatua, tafuta mraba, toa 2, kisha gawanya kwa 2^p − 1 uchukue kinachobaki. Rudia mara p − 2. Mwisho ukipata sifuri, namba ni tasa. Ukipata kingine chochote, si tasa. Halina "huenda": jibu ni la hakika pande zote mbili.

Kwa p = 7, namba ni 127 na hatua ni tano: kutoka 4 unakwenda 14, 67, 42, 111, 0. Tasa.

Wafundishe pia kukunja, kwa sababu wanafunzi watachoka kugawanya. Kwa kuwa 128 ukiigawanya kwa 127 inabaki 1, kila 128 iliyomo ndani ya namba inahesabika kama 1. Chukua hatua ya 67: mraba ni 4,489, toa 2 ni 4,487. Ndani yake zimo 128 mara 35 na zinabaki 7. Jumlisha 35 na 7, umepata 42 bila kugawanya kwa 127 hata kidogo. Kwenye kompyuta hili ni rahisi zaidi, maana kugawa kwa 128 ni kusogeza biti saba tu. Namba za Mersenne zinaongoza mbio za rekodi kwa sababu hii hasa: umbo lake linatoa jaribio jepesi, na umbo hilohilo linafuta mgawanyo ndani ya jaribio.

Tahadhari moja. Kwenye hatua ya mwisho, 111 × 111 − 2 ni 12,319, ambayo ni 128 mara 96 na 31. Ukijumlisha unapata 127. Mwanafunzi ataandika "127, si sifuri, kwa hiyo si tasa." Mkumbushe kwamba 127 ikigawanywa kwa 127 inabaki sifuri.

Kisha wape p = 11, namba 2,047. Hatua ni tisa: 14, 194, 788, 701, 119, 1,877, 240, 282, 1,736. Mwisho si sifuri, kwa hiyo 2,047 si tasa, ingawa 11 ni tasa. Wanafunzi watauliza vigawo viko wapi, na ni swali zuri. Jaribio halivitaji. Linathibitisha kwamba vipo, basi. Hapa vinapatikana kwa njia ya Euler: lazima viwe na umbo la 22k + 1. Cha kwanza ni 23, na 23 × 89 ni 2,047.

Usitumie programu ya majedwali kwa namba kubwa kuliko hizi bila kuikagua. Programu nyingi za aina hiyo hushika tarakimu 15 tu. Ukiandika 2^61 − 1, ambayo ni tasa na ni 2,305,843,009,213,693,951, zitakuonyesha 2,305,843,009,213,690,000, na hiyo inagawanyika kwa 10. Tumia Python, lugha ya kuandikia programu, ambayo inashika tarakimu zote za namba nzima bila kuzungusha.

Je, ni kweli namba tasa za Mersenne huishia na 1 au 7 tu? (Msomaji, Mombasa)

Kweli, ukiiacha 3 ambayo ni ya kwanza kabisa. Tarakimu za mwisho za vipeo vya 2 huzunguka 2, 4, 8, 6. Kipeo witiri kinaangukia 2 au 8. Toa 1, unapata 1 au 7. Gawanya kipeo kwa 4: kikibakiza 1, namba inaishia na 1; kikibakiza 3, inaishia na 7. Kwa 31 inabaki 3, na 2,147,483,647 inaishia na 7.

Nimesoma kwamba namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana ina tarakimu milioni 41. Tarakimu hizo zinahesabiwaje, na je, benki zinaitumia kulinda fedha zetu? (Msomaji, Muscat)

Namba hiyo ni 2^136,279,841 − 1. Ilitangazwa tarehe 21 Oktoba 2024 na mradi wa GIMPS, ambao tangu mwaka 1996 unaunganisha kompyuta za watu wa kujitolea duniani. Aliyeipata ni Luke Durant wa Marekani, kwa kutumia kadi za michoro za kukodi zilizotapakaa katika nchi nyingi. Rekodi iliyotangulia, ya Desemba 2018, ilikuwa 2^82,589,933 − 1, yenye tarakimu 24,862,048.

Kuhesabu tarakimu hakuhitaji kuiandika namba. Zidisha kipeo kwa logi ya 2, ondoa desimali, ongeza 1. Lakini usahihi wa logi ni muhimu, na namba hii ni mfano mzuri wa kwa nini. Ukitumia 0.30103 ya kwenye vitabu vya shule unapata 41,024,320.5, na kwa hiyo tarakimu 41,024,321. Ni kosa. Ukitumia 0.3010299957 unapata 41,024,319.9, na jibu sahihi ni 41,024,320. Tofauti ya tarakimu ya tisa baada ya nukta imezidishwa mara milioni 136, ikatosha kusogeza jibu. Desimali uliyoiondoa nayo ina habari: ni karibu 0.945, na 10 kwa kipeo hicho ni 8.8. Kweli, namba hiyo inaanza na 88.

Kuithibitisha kulitaka hatua 136,279,839 za jaribio lilelile la Lucas na Lehmer, kila hatua ikiwa mraba wa namba yenye tarakimu milioni 41. Hapo hatari si hisabati, ni mashine. Kadi ikipata joto au biti moja ikigeuka kwenye kumbukumbu, hatua zote zinazofuata zinaharibika, na jibu la mwisho litasema "si tasa" bila dalili yoyote ya kosa. Kwa sababu hiyo mradi huanza na jaribio jingine, la Fermat kwa kizio cha 3, ambalo lina ukaguzi wa ndani unaonasa makosa ya mashine kadiri kazi inavyoendelea. Udhaifu wake ni kwamba namba isiyo tasa inaweza, kwa nadra sana, kulipita. Namba ikifaulu, hurudiwa kwa Lucas na Lehmer kwenye mashine tofauti na kwa programu tofauti ndipo itangazwe.

Kuhusu benki: hapana, haina kazi huko. Ulinzi wa aina ya RSA unategemea namba tasa mbili za siri zilizozidishwa pamoja. Namba ambayo dunia nzima inaijua haiwezi kuwa siri. Mtu angegawanya tu na kupata ya pili. Zinazotumika ni ndogo mno ukilinganisha, za biti 1,024 kila moja, yaani tarakimu zipatazo 308, lakini zimechaguliwa kwa bahati nasibu.

Kuzipata si kazi. Karibu na ukubwa huo, namba moja kati ya 710 hivi ni tasa. Ukiacha shufwa, moja kati ya 355. Kompyuta inachagua namba witiri ya kubahatisha, inaijaribu kwanza kwa namba tasa ndogo kama 3, 5 na 7 ili kutupa nyingi haraka, kisha inaipitisha kwenye jaribio la Miller na Rabin mara kadhaa. Kila mzunguko wa jaribio hilo hunasa angalau robo tatu ya uwezekano wa udanganyifu, kwa hiyo mizunguko 40 inaacha shaka ndogo kiasi cha kutohesabika.

Kinachoharibika kwa kawaida ni bahati nasibu yenyewe. Mwaka 2012 watafiti walikusanya funguo za umma kutoka kwenye intaneti nzima, wakatafuta kigawo kikubwa cha shirika kati yake, na wakakuta vifaa vingi vinachangia namba tasa moja. Vilikuwa vimetengeneza funguo mara tu baada ya kuwashwa, kabla havijakusanya vyanzo vya kutosha vya kubahatisha. Funguo mbili zikichangia namba tasa, zote mbili zimevunjika papo hapo. Kosa jingine ni kuchagua namba mbili zilizo karibu mno. Mfano mdogo: 8,051. Kipeuo chake cha pili ni karibu 90. Mraba wa 90 ni 8,100. Toa 8,051, inabaki 49, ambao ni mraba wa 7. Basi vigawo ni 90 − 7 na 90 + 7, yaani 83 na 97. Ukubwa wa namba hausaidii kitu dhidi ya njia hiyo kama vigawo vimekaribiana.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo namba tasa ya Mersenne inalinda mawasiliano ikiwa wazi kabisa. Mfumo wa usimbaji wa mistari iliyopinda uitwao P-521 hufanya hesabu zake zote kwa kuchukua kinachobaki baada ya kugawanya kwa 2^521 − 1. Siri inakaa kwingine. Namba hii ilichaguliwa kwa sababu ya ule ukunjaji tuliomweleza mwalimu wa Morogoro: kompyuta haigawanyi, inajumlisha vipande viwili.

Nasikia 2,147,483,647 inazaa "namba kamilifu". Ni ipi? (Msomaji, Zanzibar)

Namba kamilifu ni ile ambayo vigawo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha: 6 ni 1 + 2 + 3. Euclid alionyesha kwamba 2^p − 1 ikiwa tasa, ukiizidisha kwa 2^(p−1) unapata namba kamilifu. Euler akaonyesha kwamba kila namba kamilifu iliyo shufwa inapatikana hivyo. Kwa p = 31 ni 2^30 × 2,147,483,647, yaani 2,305,843,008,139,952,128. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwa kuwa namba hizi ni za udadisi tu na hakuna atakayejisumbua kutafuta zaidi. Mwaka 1876 Édouard Lucas alionyesha kwamba 2^127 − 1 ni tasa, na mwaka 1883 Mrusi Ivan Pervushin akafuata na 2^61 − 1. Leo namba tasa za Mersenne zinazojulikana ni 52, na kila moja ina namba kamilifu yake.

Kama 31 ni 2^5 − 1, na 2^31 − 1 ni tasa, kwa nini tusiiweke 2,147,483,647 yenyewe juu kama kipeo? Tungepata namba tasa kubwa kuliko rekodi ya sasa. (Msomaji, Kampala)

Wazo lako lina historia ndefu, na mwanzo wake unavutia. Weka 2 kama kipeo, unapata 3, tasa. Weka 3, unapata 7, tasa. Weka 7, unapata 127, tasa. Weka 127, unapata ile 2^127 − 1 ya Lucas, nayo ni tasa. Mnyororo wako unaoanza na 5 unapita 31 na kufika 2,147,483,647. Hatua inayofuata ingekuwa na tarakimu zaidi ya milioni 646.

Lakini mnyororo unakatika hapo. Huhitaji kuiandika namba hiyo ili uthibitishe. Kanuni ya Euler inatosha. Kigawo chochote tasa cha 2^2,147,483,647 − 1 lazima kiwe 2k × 2,147,483,647 + 1. Watafutaji waliipandisha k taratibu, na k = 68,745 ikajibu: 295,257,526,626,031 inaigawanya bila baki. Unaweza kuikagua mwenyewe kwenye simu yenye Python kwa mstari mmoja, pow(2, 2147483647, 295257526626031). Itapanda kwa miraba kama tulivyofanya na 311, na jibu litatoka 1. Usiandike 2**2147483647 % 295257526626031, kwa sababu hapo unaiagiza simu iandike kwanza namba nzima ya biti zaidi ya bilioni mbili, na itaganda.

Mnyororo wa 2, 3, 7, 127 haujakatwa. Hatua yake inayofuata ni kuweka 2^127 − 1 juu kama kipeo. Vigawo vidogo vimetafutwa sana na hakuna kilichopatikana. Lucas na Lehmer halitusaidii, kwa kuwa idadi ya hatua zake ingekuwa namba ya tarakimu 39.